Majani mabaya na mimea iliyobanana: namna ya kurudisha nafasi katika bustani ya nyumbani



Msimu A unakaribia. Mvua itarudi kwenye milima yetu ya Kabare na Walungu katikati ya mwezi wa tisa, na nyumba nyingi zimeanza kuchagua mbegu za maharagi. Katika somo hili hatuendi mbali shambani. Tunabaki karibu na nyumba, kwenye ile bustani ndogo ya lengalenga, shu, karoti, vitunguu na nyanya, na pembeni migomba na matembele. Ni kipande kidogo cha udongo, lakini ndipo mboga ya jioni inatoka. Ndipo pia mama anapata franka za chumvi na sabuni, na mara ingine za kuongeza kwenye minervali ya watoto.

Wanachama wanatuletea malalamiko mawili kila msimu. La kwanza: «Ninalima, ninalima, lakini majani yanarudi tu.» La pili: «Nilipanda mingi, lakini sikuvuna kitu.» Watu wanafikiri ni shida mbili. Sisi tunaona ni shida moja, nayo ni nafasi. Kila mmea unataka mwanga, maji na chakula cha udongo. Anayekula chakula hicho pasipo kualikwa anaweza kuwa jani baya. Anaweza pia kuwa ndugu wa mmea wenyewe: karoti juu ya karoti, shu juu ya shu. Mkulima anayeng'oa magugu lakini anaacha mimea yake ikibanana amefanya nusu ya kazi.

Tuanze na majani mabaya, kisha tuone mimea iliyobanana.

1. Kabla ya kushika jembe, tujue tunapigana na nani

Majani mabaya yako na vyama viwili. Chama cha kwanza kinazaa kwa mbegu. Chama cha pili kinazaa kwa mizizi, mashina au vitunguu vidogo vilivyo chini ya udongo. Jembe lile lile linaloua chama cha kwanza linazidisha chama cha pili. Hapo ndipo wengi wanapoteza nguvu zao.

Namna ya kujua ni rahisi. Chimbua mmea mmoja polepole, pamoja na udongo wake, uutikise, uangalie chini. Ukiona mizizi midogo tu kama nywele, huyo ni wa mbegu. Ukiona kamba nyeupe zinazotembea chini ya udongo, au viazi vidogo, au vitunguu vidogo vilivyokusanyika, huyo ni wa chama cha pili. Kila kilima kina majina yake ya majani haya, kwa hiyo hapa chini tunaeleza sura yao.

2. Majani ya mbegu: tusiyaache yazae

Katika bustani zetu wawili wanajulikana sana. Mmoja ni kale kenye maua madogo, katikati njano na pembeni vijani vitano vyeupe. Wataalamu wanakaita Galinsoga. Wa pili ni ule ambao mbegu zake ni kama sindano nyeusi, zinashika nguo na manyoya ya mbuzi. Huo unaitwa Bidens. Yote mawili asili yake ni Amerika, yalifika Afrika pamoja na safari za watu na bidhaa, na leo yako kila pahali.

Nguvu yao ni mbegu. Mmea mmoja unaweza kutoa maelfu ya mbegu. Galinsoga ni ya haraka zaidi: wiki chache tu kisha kuota, imekwisha kutoa maua. Kwa hiyo siku tunayopalilia ni muhimu kuliko nguvu tunayotumia. Kupalilia kabla ya maua ni kazi ya asubuhi moja. Kupalilia kisha mbegu kuanguka ni kazi ya misimu mingi, juu mbegu hizo zinalala ndani ya udongo na kuamka kidogo kidogo.

Tunashauri hivi:

– Palilia mara ya kwanza wiki mbili au tatu kisha mboga kuota, wakati majani mabaya hayajapita urefu wa kidole. Kwaruza udongo juu juu. Ukichimba chini sana unaleta juu mbegu zilizokuwa zimelala, na unakata mizizi ya mboga.

– Fanya kazi hiyo asubuhi ya siku yenye jua. Jani lililokatwa siku ya mvua na kuachwa juu ya udongo mbichi linaweza kushika tena mizizi. Hata lile la maua madogo ya bluu, ambalo sungura na nguruwe wanalipenda, linaota tena kwa kila kipande. Hilo tulitoe bustanini na kuwapa wanyama.

– Kama jani limekwisha kutoa mbegu, lisitikiswe. Likate polepole, liweke ndani ya gunia au beseni, lipelekwe mbali na bustani.

– Maharagi yanapotoa maua, tusiingie ndani yao na jembe, juu maua yanaanguka. Tusipalilie pia wakati majani yao yana maji ya mvua au umande: mikono na nguo zetu zinatembeza magonjwa kutoka shina hadi shina.

Kuna pia ujanja wa kuwadanganya. Tayarisha tuta wiki mbili mbele ya kupanda, na kama mvua bado, limwagie maji. Majani mabaya yataamka yakifikiri msimu umeanza. Yakwaruze yote juu juu, kisha panda mboga siku hiyo hiyo bila kulima tena. Mboga zinaanza maisha yao pasipo adui wengi. Ni vizuri sana kwa karoti na vitunguu, juu vinakua polepole na majani yao hayawezi kutia kivuli. Kwa mboga nyingi, wiki nne hadi sita za kwanza ndizo za hatari. Vitunguu vinataka tuvichunge muda mrefu zaidi.

3. Majani ya mizizi: tusiyakate vipande

Hapa kuna watatu wa kuogopa.

Wa kwanza ni ile nyasi yenye kamba ndefu chini ya udongo, ambayo wengi katika Afrika ya Mashariki wanaiita sangari. Kamba zake zinafungana kama mkeka. Mkulima akilima na jembe la kawaida, anakata kamba moja vipande ishirini, na kila kipande chenye fundo kinaweza kuwa nyasi mpya. Anaona bustani ni safi, kumbe amepanda sangari.

Wa pili ni ndago. Inafanana na nyasi, lakini ukishika shina lake kwa vidole unasikia pembe tatu. Chini iko na viazi vidogo vyeusi vinavyofungana kama shanga kwenye uzi. Tukivuta majani, uzi unakatika na viazi vinabaki. Kile kilichokuwa kimelala kinaamka. Viazi vingi viko ndani ya sentimita 15 au 20 za juu, ni kusema urefu wa shibiri moja.

Wa tatu ni ile yenye majani matatu yanayofanana na moyo na maua ya rangi ya waridi. Wataalamu wanaiita Oxalis latifolia. Watoto wanaijua juu ya uchachu wake mdomoni. Chini iko na kitunguu kimoja kikubwa kilichozungukwa na vitoto vingi. Ukiivuta kwa nguvu, mama anatoka na watoto wanabaki.

Kwa hawa watatu, tunafanya kazi yetu mbele ya mvua. Jua la mwezi wa saba na wa nane ndilo dawa tunayopata bure. Njia ni hii:

Kwanza, gawanya bustani vipande vidogo. Usianze yote mara moja. Kipande cha mita 2 kwa mita 2 kinachosafishwa kabisa kinafaa kuliko bustani nzima iliyokwaruzwa. Anza pembeni pale ambapo ugonjwa ni kidogo, ndipo uelekee pale ulipo mwingi.

Pili, tumia jembe la meno, lile la kuinua udongo bila kuukata. Kama hakuna nyumbani, koperative inaweza kununua moja au mawili na kuyazungusha kati ya wanachama. Inua bonge la udongo, livunje kwa mkono, toa kamba, viazi na vitunguu vyote.

Tatu, vianike juu ya mwamba, bati au turubai, siku nyingi, mpaka vikauke na kuvunjika. Kisha vichomwe. Visitupwe ndani ya komposti, wala kwenye mfereji, wala kwenye njia. Mvua ikija, mfereji utavipeleka kwa jirani wa chini.

Nne, rudi kila wiki mvua ikianza. Yatakayochipuka yatolewe yakiwa bado madogo, na mzizi wake. Mmea usiopata majani ya kushika mwanga unakula akiba yake ya chini mpaka akiba inakwisha.

Tano, tumia kivuli. Ndago inachukia kivuli sana. Kipande kilichosafishwa kipandwe matembele, maboga au maharagi yanayofunika udongo haraka. Msimu wa kwanza tusipande hapo vitunguu wala karoti.

Tusidanganyane: msimu mmoja hautoshi kumaliza hawa watatu. Lakini mkulima anayefuata njia hii anaona tofauti, na kazi inapungua kila msimu badala ya kuongezeka.

4. Mimea iliyobanana: kupunguza si kupoteza

Sasa tuje kwa ndugu wanaonyang'anyana sahani. Mama anamwaga pakiti nzima ya mbegu za karoti kwenye mstari mmoja. Zinaota kama nywele. Moyo unamuuma kuzing'oa, anasema: «Mungu amenipa mingi, niitupe juu ya nini?» Miezi mitatu inapita, anavuna majani mengi na mizizi myembamba kama kalamu, ambayo hakuna mtu anainunua sokoni.

Tuhesabu pamoja. Katika mstari wa mita 1, karoti zikiachana sentimita 5, zinaenea 20. Zikiota 100, zile 80 za zaidi hazitakuwa karoti. Zitakuwa kama majani mabaya tu. Au shu: tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 6, tukipanda mistari miwili na kuachanisha nusu mita, linabeba shu 24. Tukisukuma 50 ndani yake, vichwa vinabaki vidogo, vingine havifungi kabisa. Pia hewa haipiti, majani yanakaa na maji muda mrefu, na magonjwa ya kuoza yanapata nyumba.

Vipimo hivi vinatusaidia. Asiye na mita atumie mkono wake:

– Karoti: mistari iachane shibiri moja, sentimita 20 hivi. Mimea iachane sentimita 5, upana wa vidole vitatu.

– Vitunguu: mistari shibiri moja, mimea nusu shibiri, ni kusema sentimita 10.

– Shu: sentimita 50 kila upande. Ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, na kidogo juu yake.

– Nyanya: mistari sentimita 80, mimea sentimita 50, kila moja na mti wake wa kusimamia.

– Lengalenga ya kukata mara nyingi: shibiri moja kila upande.

– Maharagi mafupi: mistari sentimita 40, mashimo sentimita 20, mbegu mbili kila shimo.

Kupunguza kufanyike mapema, karoti zikifika urefu wa kidole. Tumwagie maji kwanza ili udongo ulegee, tushike ule unaobaki kwa mkono mmoja, tutoe jirani yake kwa mkono mwingine. Ni vizuri jioni, jua likipungua. Tunaacha wenye nguvu, tunatoa wanyonge, waliopinda na wenye madoa.

Na kile kilichotolewa? Lengalenga changa ni mboga ya siku hiyo hiyo. Miche ya shu, vitunguu na nyanya yenye afya inahamishwa pahali pengine, ao inapewa mwanachama ambaye yake imekufa. Karoti hazipendi kuhamishwa, mizizi yake inapinda. Hizo zile za kupunguza ni za sungura au za supu. Hakuna kinachopotea.

Dawa ya kwanza ya kubanana ni kumwaga mbegu kidogo. Changanya mbegu ndogo za karoti au lengalenga na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga. Mkono utazitoa polepole, na pakiti moja itafika matuta mawili.

5. Usisahau migomba

Nyuma ya nyumba nyingi kuna mgomba wenye watoto kumi, wote wanavuta maji ya mama mmoja. Mkungu unakuwa mdogo na kivuli kinaua mboga za chini. Kanuni ni mama, mtoto na mjukuu: shina kubwa moja linalozaa, moja la kati litakalofuata, na moja dogo. Mengine yatolewe. Mashina haya ya familia moja na nyingine yaachane mita 3 hivi.

Lakini angalisho! Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uko katika Kivu yetu tangu miaka ya 2000, na panga ni gari lake. Ulishe panga moto, ao ulioshe na maji ya Javel, kila unapotoka kwenye familia moja ya migomba kwenda nyingine. Mgomba ambao majani yake yananyauka na ndizi zinaiva mbele ya wakati usiguswe na panga la bustani yote. Mwite kwanza agronomu wa koperative.

6. Udongo usibaki uchi

Tukisha kutoa magugu na kupunguza mimea, tumefungua nafasi. Nafasi tupu haikai tupu: ama tunaijaza sisi, ama majani mabaya yanaijaza. Na kwenye miteremko yetu, udongo ulio uchi unashuka na mvua ya kwanza.

Tufunike kati ya mistari na majani makavu ya migomba, mabua ya maharagi, ama nyasi zisizo na mbegu, unene wa vidole vinne. Tusigusishe shina la mboga, juu linaweza kuoza. Alizeti ya mwitu, yenye maua makubwa ya njano pembeni ya njia, ni mbolea ya kijani nzuri. Tukate majani na matawi laini mbele ya maua kukomaa, tuyazike ao tuyatandaze. Tukiiacha itoe mbegu, na yenyewe inageuka adui. Lantana, ile ya ua yenye maua ya rangi nyingi, tusiipe mbuzi wala ng'ombe: inawaumiza maini.

7. Milango ambayo tunaifungua wenyewe

Bustani safi inaweza kuchafuka siku moja. Katika koperative tunapeana vitu vingi, na hilo ni jambo zuri. Lakini majani mabaya yanasafiri pamoja na vitu hivyo.

Mbolea ya ng'ombe na mbuzi ikiwa bado mbichi imejaa mbegu. Tuirundike, tuifunike, tuigeuze, tuiache miezi mitatu. Ingiza fito katikati ya rundo: ukiitoa kisha siku chache na ni moto mkononi, rundo linafanya kazi. Joto hilo linaua mbegu nyingi.

Miche ya pepinyeri inatembea na udongo wake, na ndani ya udongo huo kunaweza kuwa vitunguu vya Oxalis au viazi vya ndago. Pepinyeri ya koperative iwekwe pahali ambapo hawa hawapo, hata kama ni mbali kidogo. Kila mwanachama anayepokea miche aangalie mizizi mbele ya kupanda.

Jembe la kuazimana lioshwe kabla ya kurudishwa.

Na kuhusu dawa za kuua majani zinazouzwa sokoni ndani ya chupa zisizo na karatasi: kwa bustani ya nyumbani tunasema hapana. Dawa nyingi hazichagui, zinachoma mboga pamoja na magugu, na watoto na kuku wanapita hapo kila siku.

8. Na kama ardhi si yetu?

Wengi wetu tunalima kwa bwasa. Mtu anatuuliza: «Nisafishe sangari ya mwenye shamba, kisha msimu ujao ampe mwingine?» Swali ni la haki. Kusafisha kipande chenye sangari ni kazi ya siku nyingi, na faida yake inakuja msimu wa pili na wa tatu.

Ushauri wetu ni kuzungumza mbele ya kushika jembe. Mpangaji amwonyeshe mwenye shamba kamba za sangari, amwambie kazi atakayofanya, na aombe misimu isiyopungua mitatu kwa bei ile ile. Waandike karatasi, na viongozi wa koperative wawe mashahidi. Mwenye shamba naye anafaidika: anarudishiwa ardhi yenye thamani kuliko ile aliyotoa. Kama anakataa, basi tutumie nguvu zetu kwa magugu ya mbegu tu, na tuchague mimea inayofunika udongo.

Kazi ya mwezi huu

Kila kikundi kichague bustani moja ya mwanachama, hasa ya mama mjane au mzee asiye na mikono nyumbani. Siku ya salongo, kikundi kisafishe hapo kipande cha mita 2 kwa mita 2 kwa njia tuliyoeleza, kianike kilichotolewa, na kupanga matuta kwa vipimo. Kisha kila mtu arudie kwake.

Maswali ya kujadili

1. Katika bustani yako, majani matatu yanayokusumbua zaidi ni yapi? Yanazaa kwa mbegu ama kwa mizizi? Lete mfano mmoja wa kila jani, na mizizi yake.

2. Msimu uliopita ulipanda shu ngapi katika tuta moja? Ngapi zilifunga vichwa vizuri?

3. Pepinyeri yetu iko pahali safi? Nani ataangalia miche kabla ya kuigawa?

4. Kati yetu, nani analima kwa bwasa na angependa koperative imsaidie kuzungumza na mwenye shamba?

Katibu wa kila kikundi aandike majibu na kutuletea mbele ya mvua ya kwanza. Tutayatumia katika somo linalofuata, ambalo litakuwa juu ya kuchagua na kuhifadhi mbegu za mboga.